Usitoboe Kabla ya Kuchemsha

Wiki iliyopita mlinijia watatu hapa Cheyo, Tabora, mkanikuta nimeanika miguu juani. Shikamoo zenu zilikuwa kamili, na mkaniambia mmeanzisha kikundi cha kutengeneza mapambo ya vitu vinavyoota, mapambo yasiyotumia plastiki wala kuua mnyama. Nikafurahi. Kisha yule binti mrefu kati yenu akavua uzi wa shanga shingoni, akanipa niutazame. Mbegu za mturituri, nyekundu zenye jicho jeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nikawauliza, "Mlizichemsha?" Mkacheka. Binti akasema, "Bibi, tukizichemsha zinafifia."

Uzi ule sikuwarudishia. Najua mlikwenda mkinong'ona kwamba bibi ameanza wizi uzeeni. Mtaupata, lakini kwanza msome haya. Siku ile maneno yalinikwama, na nyinyi vijana hamna subira ya kumngoja mtu mzima ameze mate.

Kazi ya kutunga mbegu nilifundishwa na Bi Mwasiti, zama za Mwingereza. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia waliyopita wapagazi zamani, wakitoka pwani kwenda Ujiji. Bibi yake mzaa mama aliletwa na msafara kutoka Manyema, msafara ukaondoka, yeye akabaki. Bi Mwasiti alipenda kusema kwamba shanga za kioo zilipita mlangoni kwao juu ya vichwa vya watu, mizigo kwa mizigo, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza watu wa huku walivaa nini kabla ya hapo. Mwenyewe alikuwa na jibu, ila hakuna aliyemwomba. Walivaa mbegu.

Mimi ni mtoto wa mrina asali wa Ipole niliyeogopa nyuki. Ndiyo, chekeni. Baba alijaribu kunizoesha miaka miwili, nikawa natupa moto na kukimbia kila nikisikia mzinga unavuma. Baba alikuwa akimpelekea Bi Mwasiti nta, maana uzi wa kutungia mbegu husuguliwa nta ili usioze kwa jasho. Safari moja akanipeleka na mimi pamoja na nta. Alisema, "Bi Mwasiti, huyu msituni hanifai. Tazama kama mikono yake ina kazi." Bi Mwasiti akanishika vidole, akavikunja kimoja kimoja, akasema vinafaa ila vina haraka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ile habari ya haraka ilipita sikio moja ikatokea la pili.

Kwanza mjue kwamba shanga zetu zililimwa. Kule mbugani kwenye unyevu tulikuwa na majani marefu tuliyoyaita mtasbihi, ambayo mbegu yake huzaliwa na tundu lake. Wewe kazi yako ni kupitisha uzi. Ukiichuma mapema inakuwa nyeupe, ukiiacha inakuwa ya kijivu, ukiiacha zaidi inaelekea weusi. Shamba moja, rangi tatu. Mturituri tuliuachia upande kwenye ua wa minyaa. Bi Mwasiti hakuruhusu tuvune maganda yote. Katika kila kishada tulibakisha yale ya chini kwa ajili ya ndege na ya mwaka unaofuata, na ukisahau, alikupeleka uani ukaangalie kishada kitupu mpaka uone haya.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na katekista mmoja aliyeagiza rozari. Nikamtungia mtasbihi zilizovunwa juzi yake, sikuzikausha, nikamkabidhi nikiwa na kiburi. Masika yale akarudi, mzee wa watu, kaishika rozari kwa ncha za vidole. "Mwanangu," akasema, "rozari yako inaota." Kweli, ilikuwa imetoa vichipukizi vya kijani. Aliitia kwenye sanduku lenye unyevu na mbegu zikafanya kazi ziliyoumbiwa. Bi Mwasiti alicheka wiki nzima, kila akinitazama anaanza upya. Halafu akaniambia neno ambalo ningelishika yasingetokea mengine: "Hii siyo kioo, Nyanzala. Hiki ni kitu kizima. Ukikitunga hujakiua."

Jambo moja nililipata mapema, nalo ni fundo. Kati ya mbegu na mbegu tulipiga fundo, ili uzi ukikatika idondoke moja, zisimwagike zote. Na fundo la mwisho, la kufungia shingoni au mkononi, lilikuwa na namna yake: linazunguka mara mbili, linapita chini, linakazwa kwa meno, kisha linapakwa nta ya moto. Fundo langu liliwashinda wengine wote pale nyumbani. Bi Mwasiti aliwahi kumwambia mteja, "Hili la Nyanzala ukitaka kulivua tafuta kisu." Mwishoni nilitia alama yangu, kidude cha kibuyu kidogo kuliko ukucha, chenye mikwaruzo miwili. Kila mtungaji alikuwa na alama. Ukiharibu, watu wajue ni wewe.

Sasa nifike kwenye miiko. Bi Mwasiti alikuwa na miiko mingi ya kazi. Usiruke uzi uliolala chini. Usihesabu shanga kwa sauti. Usitunge Ijumaa kabla watu hawajatoka msikitini. Usimpe mtu shanga kwa mkono ulioshika chumvi. Na usitoboe turituri kabla ya kuichemsha. Huu wa mwisho aliuongezea maneno. Alisema mbegu nzima ikimezwa hutoka nzima na mtu hana neno, bali iliyotobolewa mbichi ina sumu ndani, na tundu ulilotoboa wewe ndilo mlango wa sumu hiyo.

Mimi niliziruka nyuzi zilizolala chini mara kumi, haikuwa kitu. Nikahesabu kwa sauti, nikatunga Ijumaa asubuhi, nikashika chumvi nikashika shanga, na jua likachomoza kama kawaida. Nikaona miiko ya Bi Mwasiti ni kama ile ya kupiga mluzi usiku ukaita nyoka. Ule wa sumu nikautia kapu moja na mingine.

Vita vikaja, vile vya Hitla. Vijana wa huku wakachukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, na madukani shanga za kioo zikaisha. Mhindi alikuwa anakuonyesha kasha tupu. Wanawake ambao waume zao wamekwenda vitani walitaka kitu chekundu cha kufunga, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kukumbuka, na sisi tukawa na kazi kuliko mikono. Ila turituri iliyochemshwa tangu asubuhi hadi adhuhuri hupoteza wekundu wake, inakuwa rangi ya ini. Wateja waliigeuzageuza, wakauliza, "Hamna nyekundu kweli?"

Nikagundua ujanja. Turituri iliyokauka ni ngumu, ukiitoboa bila kuichemsha inateleza au inapasuka. Lakini ukichuma ganda kabla halijafunguka, mbegu iko tayari nyekundu na bado ni laini, inatoboka kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa kama unatoboa jibini. Unaianika, inakauka na tundu lake, na wekundu unabaki wote. Nilifanya hivyo Bi Mwasiti akiwa msibani Ujiji. Siku ya pili spoku ilinichoma kidoleni. Kidole kikavimba mpaka kikawa hakikunjiki, na homa ikanishika siku nne. Nikasema ni kutu ya spoku. Mtu asiyetaka kujua huwa hakosi la kusema.

Nilitunga nyuzi tisa, na niliziuza karibu zote kabla Bi Mwasiti hajarudi.

Dada yangu Kalunde alikuwa ameolewa Sikonge, kwa Wamoraviani, na alijifungua pacha wa kiume, Kulwa na Doto. Kwetu pacha hawapewi kwa zamu. Ukimletea mmoja kikoi, mletee wa pili kikoi kilekile, ukimbeba huyu mbebe na yule, la sivyo mnakaribisha maradhi nyumbani. Nilipokwenda kuwaona walikuwa na miezi minane, meno yanawatoka, kila kitu kinakwenda mdomoni. Nilitaka kuwapelekea nyuzi mbili zinazofanana. Nilipofika kwao kikapuni nilikuwa nimebakiwa na mmoja wa zamani, wa turituri zilizochemshwa, na mmoja katika zile tisa. Nikaona urefu ni sawa, mafundo ni sawa, inatosha.

Nilimfunga Kulwa ule uliofifia na Doto ule unaong'aa. Dada akatazama akaniambia kwa utani, "Wewe nawe unabagua. Huyu umempa nzuri zaidi." Nikamjibu kwamba Doto ndiye mdogo, mdogo hudekezwa. Tulicheka wote.

Siku ya tano nikiwa nimesharudi Tabora, shemeji akaja kwa lori la nta kunichukua. Doto alikuwa amekufa. Aliharisha damu na kutapika siku tatu, dresa wa zahanati akampa dawa ya kuhara, haikumkaa tumboni. Kulwa, aliyelala naye mkeka mmoja na kunyonya ziwa moja naye, hakuwa na hata mafua.

Nilifika wameshamzika. Walikuwa wamemvua ule uzi wakati wa kumwosha, wamelazimika kuukata kwa kisu, na dada aliuweka juu ya mto. Niliuchukua. Mbegu nne zilikuwa zimetafunwa. Moja ilikuwa ganda tupu, nyama yote ya ndani imenyonywa imekwisha. Nikamtafuta Kulwa, nikamkuta mgongoni kwa jirani. Uzi wake ulikuwa umelowa mate vilevile, nao umetafunwa vilevile. Nilisimama pale nikiwa na uzi mkononi na nikajua. Hakuna aliyeniambia, na hakuna niliyehitaji kumwuliza.

Sikusema siku ile. Nawaambia ukweli ili msinione mtu mwema. Nilikaa matangani siku mbili nikipokea pole za watu, nikila chakula cha watu. Kilichonitoa ni mama mkwe wa dada, bibi Nyamizi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaogesha pacha kwa majani, na manong'ono yakaanza kumzunguka: kwa nini mmoja tu, alimwogesha na nini. Asubuhi ya siku ya tatu alikuja akasalimia, "Mwangaluka," na wanawake waliokaa mlangoni wakaitika kwa midomo, wasimsogezee mkeka. Kibuyu cha maji kikapita kwa kila mtu kikamruka. Alikaa chini peke yake, anachezea ncha ya kanga yake. Nilimtazama mpaka nikashindwa.

Nikamwita dada nyuma ya nyumba.

"Dada, ni shanga."

"Shanga zipi?"

"Zile za Doto. Sikuzichemsha. Bi Mwasiti alinikataza nikampuuza. Mbegu ikitobolewa mbichi ina sumu, na Doto ameitafuna. Mama mkwe wako hana kosa. Ni mimi."

Dada hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliingia ndani, akatoka na kisu, akaukata na uzi wa Kulwa, ijapokuwa ule ulichemshwa. Alipomaliza akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zile mbichi ulitunga nyuzi ngapi?"

"Tisa. Pamoja na wa Doto."

"Nane ziko wapi?"

Sikuwa nimewaza hilo. Siku mbili nzima nililia kwa ajili yangu na ya Doto, wala sikukumbuka kwamba kuna watoto wengine wanaota meno. Nikaanza kulia tena pale pale. Dada akanisukuma begani.

"Machozi utalia njiani. Nenda."

Mbili zilikuwa hapo hapo Sikonge, nilikuwa nimeziuza siku nilipowapelekea pacha zawadi. Wa kwanza niliupata haraka. Wa pili ulikuwa shingoni kwa msichana anayetwanga, mdogo wake kamshika mguuni. Nilimnyang'anya bila salamu, mama yake akanifukuza na mchi. Ningemweleza nini na pumzi sikuwa nayo?

Nyingine mbili zilikuwa Ipole, kwetu. Shemeji alinipeleka kwa baiskeli, njia ya mchanga. Mmoja ulikuwa kwa binamu yangu, akanipa. Mwingine ulikuwa kwa mke wa askari, mwanamke mwenye umri wangu, ana mtoto wa mwaka mmoja. Nikamweleza yote. Akafunika shingo kwa viganja.

"Huu alinifunga mwenyewe kesho yake anaondoka," akasema. "Barua hazijaja tangu aondoke. Sikupi."

"Nitakutungia mwingine, mzuri kuliko huu."

"Mwingine hatakuwa ameufunga yeye."

Tulikaa. Mtoto wake akapanda magotini, akanyoosha mkono kuelekea shingo ya mama yake, nami nikaudaka ule mkono kwa nguvu mpaka akalia. Mama yake akaona uso wangu. Akasema, "Basi kata, lakini fundo lisiguswe." Nikaukata upande wa pili, nikaacha fundo lilivyo. Tukautia chunguni, tukauchemsha kwenye mafiga yake tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Nta ikayeyuka ikaelea, mbegu zikafifia mbele ya macho yake, zikawa rangi ya ini. Alilia kimya kimya akichochea kuni mwenyewe. Nikamwambia hata hivyo autie sandukuni, mtoto asiuguse. Akaniitikia kwa kichwa tu.

Niliporudi Tabora Bi Mwasiti alikuwa amesharudi msibani. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, sikuthubutu kukaa. Sikuwa nimemaliza akajifunga kanga. Tatu zilikuwa hapa Cheyo, na tulizipata zote kabla ya adhuhuri, yeye mbele mimi nyuma, anaingia nyumba za watu akisema, "Shanga tulizowapa zina kosa, tupeni." Sikumsikia akitaja jina langu. Alama ya kibuyu ilitosha kunitaja.

Tulipomaliza kuzichemsha na kuzitupa chooni, alikaa chini. Nilingoja matusi.

"Nilikupa miiko mingi ya bure na mmoja wa kweli," akasema, "na yote nilikupa kwa sauti ileile. Ungeutambuaje?"

"Sumu ulinitajia, Bi Mwasiti."

"Nilikutajia," akasema. "Ndiyo maana sikubebei lawama yote."

Tangu hapo nimefundisha wasichana wengi. Kila mwiko wa kazi niliwaeleza sababu yake, na usio na sababu niliutupa. Vaeni subana kidoleni mnapotoboa. Chemsheni, tena sana. Chungu cha mbegu kisirudi jikoni. Na hata zikichemshwa, turituri si pambo la mtoto. Mtoto mfungeni mtasbihi, ile isiyohitaji kutobolewa.

Dada yangu alinisamehe. Alinisamehe kwa mdomo, na naamini na kwa moyo, maana alinipokea mlangoni kwake mpaka alipokufa. Ila Kulwa hakunipa mikononi tena. Nilimshika Kulwa mkono siku ya harusi yake, kijana mrefu kuliko baba yake, na hata siku hiyo dada alitutazama mpaka nilipomwachia.

Kama mmekuwa mkihesabu, mmeona nimewatajia nyuzi nane. Wa tisa niliuuza stesheni, wiki ile ile niliyowatembelea pacha. Treni ya Kigoma ilikuwa imesimama. Mwanamke mmoja wa kanga ya njano, ana furushi kichwani na kikapu mkononi, aliniita dirishani alipokwisha kupanda, akautaka uzi mwekundu uliobaki. Baada ya Doto kufa nilikwenda stesheni kila treni ya Kigoma ilipoingia, karibu mwaka mzima. Niliwauliza abiria, niliwauliza wapagazi. Karani mmoja wa reli alinihurumia, akaniambia, "Dada, Kigoma kuna watu." Niliwapa wasafiri salamu na maelezo ya kanga ile, na wengi waliahidi. Kanga ya njano si kitu cha kumtafutia mtu.

Hadi leo nikimwona mgeni wa upande ule namtazama shingo kabla ya uso.

Njooni Jumamosi na chungu chenu wenyewe, tuuchemshe uzi wenu. Na yule binti mrefu asinikasirikie. Nilipomwona amebeba mdogo wake mgongoni, na ule uzi shingoni kwake, sikuona yeye. Niliona dirisha la treni. Yule mwanamke mikono yake yote ilikuwa na mizigo, akageuka akanipa mgongo ili nimfunge mtoto. Alikuwa wa miezi saba au minane, anatoa mate, meno yanakuja. Nilimfunga mkononi mimi mwenyewe. Nikazungusha mara mbili, nikapitisha chini, nikakaza kwa meno.